Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mashine ya Kuoshea Vyombo ya Droo

Mashine ya kuoshea vyombo ya droo huvutwa kama droo ya kabati, na vyombo hupangwa ndani yake kutokea juu. Wengi wanaoinunua walizoea kwanza mashine ya mlango, na huendelea kupanga vyombo kwa mazoea yale yale ya zamani, kisha husema mashine haioshi. Majibu yaliyo hapa chini yanatokana na miaka kadhaa ya kuishi na mashine ya droo mbili, kuitumia kila siku, na kuifungua kwa matengenezo mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Droo hii inatofautiana vipi na mashine ya mlango, ukiacha namna ya kufunguliwa?

Tofauti kubwa iko kwenye njia ya maji. Mashine ya mlango kwa kawaida ina mkono wa kurusha maji chini, mwingine chini ya kichanja cha juu, na mara nyingine wa tatu kwenye dari, hivyo chombo kikikosa maji ya upande mmoja hupata ya upande mwingine. Droo ina mkono mmoja tu, nao uko sakafuni. Maji yote hurushwa kutoka chini kwenda juu, hugonga mfuniko, kisha hurudi chini kama mvua iliyopoteza nguvu. Ukilielewa hilo moja umekwisha kuelewa nusu ya malalamiko yote yanayohusu mashine hizi.

Mfuniko wenyewe haushikamani na droo. Uko ndani ya kabati, na hushuka pale droo inapofungwa na mashine kuanza kazi, ukakandamiza mpira wa kuzibia uliozunguka kingo ili maji yasitoke. Kampuni ya Fisher & Paykel ya New Zealand ndiyo iliyoleta muundo huu sokoni mwaka 1997, na katika mashine zake mota iko chini ya sakafu ya droo: ikizunguka upande mmoja inaosha, ikigeuka upande wa pili inatoa maji machafu. Ni ubunifu wa kupendeza, lakini una maana kwamba kipande cha kigae kikiingia chini ya mkono, kuosha na kutoa maji huharibika kwa pamoja.

Je, mashine ya droo mbili ni mashine mbili?

Kwa matumizi, ndiyo. Kila droo ina pampu yake, sabuni yake na programu yake, na unaweza kuosha glasi juu kwa programu nyepesi wakati sufuria zinapigwa maji ya moto chini. Zinachoshirikiana ni kabati na, katika mashine nyingi, waya wa umeme.

Faida kubwa kuliko zote haiandikwi kwenye boksi. Droo moja ikiwa na vyombo safi, nyingine hupokea vichafu. Unachukua sahani safi kutoka droo moja, unaitumia, unaiweka kwenye droo ya pili, na inapojaa unaiwasha na mzunguko unageuka. Nyumba yenye watu wawili au watatu inaweza kukaa wiki nzima bila kurudisha sahani kabatini. Kasoro yake ni kwamba mtu asiyejua droo ipi ni ipi ataweka kikombe kichafu juu ya vyombo safi. Sisi tulimaliza ugomvi huo kwa sumaku ndogo inayohamishwa kutoka droo moja kwenda nyingine.

Nipange vyombo vipi ili vitoke safi?

Anza kwa kujiuliza swali moja kwa kila chombo: maji yanayotoka chini yatafika kwenye upande mchafu au hayatafika? Bakuli lililolazwa kifudifudi linapata maji. Bakuli lililowekwa kichalichali, mdomo juu, halioshwi, bali hujaa maji machafu ambayo utayamwaga mwenyewe mwishoni. Bakuli lililosimamishwa wima kabisa katikati ya mengine mawili huoshwa kingo tu, kwa hiyo liinamishe kidogo, uso wake ukitazama chini na katikati.

Kosa linaloonekana mara nyingi zaidi ni kulaza kitu kipana chini kabisa. Kikaango kikubwa au ubao wa plastiki uliolala juu ya meno ya kichanja hugeuka paa: kila kilicho juu yake hubaki kikavu, au hupata matone tu. Vyombo vipana visimamishwe ukutani, kwenye kingo za droo, na katikati pabaki wazi kwa vyombo vidogo. Kama sufuria haina budi kulala kifudifudi, basi ipewe eneo lake na kisipangwe chochote juu yake.

Sahani zipange zikitazama upande mmoja, na kati ya sahani mbili pawe na nafasi unayoweza kupitisha kidole. Vijiko vikiwekwa vyote vichwa chini hukumbatiana, kikubwa kikameza kidogo, na katikati yao panabaki uchafu uleule ulioingia nao. Vichanganye na uma, baadhi juu na baadhi chini. Visu vikali vielekeze ncha chini. Hili si suala la usafi, ni la vidole vya yule atakayevitoa, kwa sababu katika droo mkono wako unashuka kutoka juu moja kwa moja.

Kabla ya kufunga, fanya mambo mawili. La kwanza, ingiza mkono na usukume mkono wa kurusha maji uone kama unazunguka mzunguko mzima bila kugusa kitu. Jioni moja nilipuuza hatua hiyo, na kijiko chembamba cha chai kikapenya tundu la kikapu kikasimama njia yake. Mashine ilinguruma saa nzima, na nilipofungua nikakuta upande mmoja wa sahani umeng'aa na upande mwingine una mafuta yaliyoganda kama ulivyokuwa. La pili, piga jicho usawa wa kingo za droo: shingo ya chupa au mpini wa upawa ukizidi kingo, mfuniko hautakaa vizuri, na utakapojaribu kushuka ama mashine itakataa kuanza, ama maji yatapata njia ya kutokea.

Je, ni lazima kusuuza vyombo kabla ya kuviingiza?

Hapana, na kuvisuuza sana kunaweza hata kudhuru matokeo. Sabuni nyingi za mashine zina vimeng'enya vinavyovunja wanga na protini, na kazi yao ni kushughulikia mabaki hayo hayo unayohangaika kuyaondoa bombani. Zaidi ya hayo, baadhi ya mashine zina kipimo kinachotazama uchafu wa maji ili kuamua muda na wingi wa maji. Kikikuta maji meupe, programu hufupishwa, na ile sufuria moja yenye ukoko inatoka na ukoko wake.

Kinachohitajika ni kukwangua. Mifupa, maganda, mbegu, vijiti vya meno, majani ya chai na karatasi zilizobanduka kwenye chupa viishie kwenye pipa la taka. Chujio la droo ni dogo, na halina nafasi ya kubeba taka zinazopaswa kutupwa. Vyombo vikikaa zaidi ya siku moja vikisubiri droo ijae, tumia programu ya kusuuza tu, ambayo hutumia maji baridi kidogo na huzuia uchafu usikauke.

Ukoko uliokwisha kushikamana na chuma ni jambo jingine. Uloweke kwanza. Mkono mmoja wa maji hauna nguvu ya kuukwangua, na hakuna programu itakayobadilisha hilo.

Nitumie sabuni gani, na kiasi gani?

Sabuni iliyotengenezwa kwa mashine za kuoshea vyombo, na hiyo pekee. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono, hata tone lake, hutoa povu. Pampu ikinyonya povu badala ya maji hupoteza nguvu, na povu lenyewe hupanda hadi kwenye mpira wa mfuniko na kutafuta mwanya. Ikitokea mtu amekosea, simamisha mashine, chota povu kwa bakuli, toa maji, kisha endesha programu ya kusuuza kwa maji baridi mara mbili au tatu hadi povu liishe.

Kati ya unga, jeli na vidonge, mimi napendelea unga kwa droo. Kidonge kimoja hutengenezwa kwa kukadiria mashine kubwa iliyojaa, ilhali droo moja hubeba takriban nusu ya vyombo hivyo na maji yake ni machache. Sabuni iliyozidi haisafishi zaidi. Hubaki kama unga mweupe kwenye glasi na, baada ya miezi, huzifanya zipoteze mng'ao. Unga unaupima mwenyewe: kidogo kwa maji laini na vyombo vya kawaida, zaidi kidogo kwa maji magumu au mafuta mengi. Ukipenda vidonge, tafuta vidogo, na usikate vile vyenye ngozi inayoyeyuka majini, maana kilichomo humwagika mikononi nacho ni kikali kwa ngozi na macho.

Kifuniko kidogo cha kiweka sabuni kikaushe kabla ya kuweka unga. Unga ukigusa unyevu huganda kama jiwe, na utaukuta hapo hapo baada ya programu kwisha.

Kwa nini glasi zangu zina ukungu?

Kuna ukungu wa aina mbili, na tiba zake hazifanani. Chukua glasi moja, dondosha siki juu ya sehemu yenye ukungu, subiri dakika chache, kisha ifute. Pakitakata, ule ulikuwa chokaa kutoka kwenye maji magumu, na unaondoka. Pakibaki vilevile, glasi yenyewe imelika: joto, sabuni nyingi na maji laini kupita kiasi vimemomonyoa uso wake, na hakuna kitakachourudisha. Inashangaza wengi kusikia kwamba maji yanaweza kuwa laini mno, lakini ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu si vyema kuongeza chumvi ya kulainishia na sabuni bila kupima maji.

Ugumu wa maji hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja. Chini ya 60 ni maji laini. Kuanzia 120 ni magumu. Zaidi ya 180 ni magumu sana. Vipande vya karatasi vya kupimia huonyesha jibu kwa kubadilika rangi. Kama mashine yako ina tangi la chumvi, tumia chumvi ya mashine yenye punje kubwa, si ya mezani, kwa kuwa ya mezani ni laini mno na huweza kuziba. Kama haina tangi, tegemea dawa ya kusuuzia, na kila baada ya miezi michache endesha droo tupu kwa maji ya moto pamoja na asidi ya sitriki ili kuyeyusha chokaa iliyojijenga ndani.

Mbona vyombo vya plastiki vinatoka na maji?

Kwa sababu plastiki haihifadhi joto. Sahani ya kauri hupashwa moto na maji ya mwisho, kisha joto hilo hugeuza matone kuwa mvuke hata baada ya mashine kusimama; plastiki ni nyepesi, hupoa upesi, na matone hubaki palepale yalipo. Tatizo hili liko kwenye mashine zote, ila droo hulizidisha kidogo kwa sababu mvuke hugandia chini ya mfuniko ulio karibu sana na vyombo, na mfuniko ukiinuka matone hayo huweza kudondoka.

Dawa ya kusuuzia husaidia kuliko watu wanavyodhani. Haisafishi kitu, kazi yake ni kuyafanya maji yatandae na kuteleza badala ya kujikunja kuwa matone. Iongeze mara taa yake inapowaka. Programu ikiisha, acha droo imefungwa dakika kumi na tano hivi, kisha ivute kidogo, upana wa kiganja, ili mvuke utoke. Vyombo vyenye makalio yaliyobonyea, kama vikombe vingi, viinamishe wakati wa kupanga. Vinginevyo kila kimoja kitatoka na kidimbwi chake juu.

Chembechembe za uchafu zinarudi kwenye vyombo. Tatizo ni nini?

Karibu kila mara ni chujio. Mkono wa kurusha maji hung'oka kwa kuvutwa juu au kwa kufunguliwa kitufe, kutegemea mashine yako. Chini yake utakuta bamba lenye matundu na kikapu cha kukusanyia mabaki. Kitoe, kioshe kwa brashi laini chini ya bomba, kirudishe kikae sawasawa. Kikikaa upande, uchafu hupita kandokando yake na kurushwa upya kwenye sahani. Kwa matumizi ya kila siku, mara moja kwa wiki inatosha.

Ukiwa umeushika mkono wenyewe, uinue kwenye mwanga uangalie matundu yake. Mbegu ndogo moja huziba tundu na kupunguza mzunguko mzima. Njiti ya meno huitoa. Ukimaliza, mwaga maji kupitia mkono huo na uutikise usikie kama kuna kitu kinachocheza ndani.

Usiogope ukikuta maji kidogo kwenye shimo la chini. Hayo hubaki kwa kawaida. Yakifunika sakafu ya droo, hapo maji hayatoki na kuna la kufanya.

Droo inanuka. Nifanyeje?

Safisha chujio kwanza. Kisha futa mpira wa kuzibia na upande wa chini wa mfuniko kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu; mafuta hujikusanya hapo mahali ambapo maji ya kuoshea hayapiti kwa nguvu, na ni nadra mtu kupatazama kwa sababu mfuniko umejificha juu ya droo. Harufu ikirudi baada ya siku mbili, chunguza mpira wa kutolea maji. Unapaswa kupanda hadi karibu na uso wa meza ya jikoni kabla ya kushuka kwenye bomba la sinki. Ukilala chini moja kwa moja, maji machafu ya sinki hurudi ndani ya droo, na utaosha ndani ya mashine mpaka uchoke.

Usitumie jiki. Hudhuru chuma cha pua na mipira, na haipaswi kamwe kukutana na siki wala asidi nyingine, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini.

Naweza kuifungua katikati ya kazi?

Ndiyo, lakini bonyeza kwanza kitufe cha kusimamisha na usubiri ishara, ili mfuniko upate muda wa kuinuka. Kuvuta droo kwa nguvu huku mfuniko ukiwa chini ni njia ya haraka ya kuharibu mpira.

Maji yameonekana sakafuni. Je, niite fundi moja kwa moja?

Funga koki ya maji na uzime umeme kwanza. Kisha tazama mambo matatu: kama kuna povu ndani, kama chombo kirefu kilizuia mfuniko, na kama kuna punje au uzi uliokwama kwenye mpira wa kuzibia au kwenye kingo za droo unapokalia. Visa vingi huishia hapo. Mashine nyingi zina sinia chini lenye kitambuzi cha maji. Kikilowa, mashine hugoma kuanza na hutoa mlio, na huendelea kugoma mpaka sinia likauke, hata kama chanzo kimeshaondolewa. Ikiwa droo ni safi, mpira ni mzima, na maji bado yanatoka nyuma, mwite fundi, kwa kuwa mipira ya maji na nyaya za droo husafiri pamoja nayo kila inapovutwa, na huko nyuma kitu kinaweza kuwa kimechubuka.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiruhusu watoto kuikalia au kuiegemea droo iliyofunguliwa. Reli zake zimetengenezwa kubeba vyombo, si mtu.

Programu ipi inapunguza umeme?

Ile ya joto dogo, hata kama inachukua muda mrefu. Umeme mwingi wa mashine hizi huenda kwenye kupasha maji, si kwenye pampu. Kupandisha lita 10 za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 kunahitaji karibu uniti 0.47, na kuyaishia nyuzi 50 kunapunguza robo ya hizo. Muda mrefu hulipia joto lililopungua kwa kuwapa vimeng'enya nafasi ya kufanya kazi. Hata hivyo, mara moja kwa wiki au mbili endesha programu ya moto zaidi, kwa maana joto dogo mfululizo huacha mafuta kwenye kuta na mabomba.

Ni vyombo gani visiingie kabisa?

Mbao, chuma cha kusubu, visu vya jikoni vyenye makali unayoyapenda, glasi za kristali, na chochote chenye ukingo wa dhahabu. Sufuria za alumini hufanya weusi. Plastiki nyepesi isiyo na alama ya kuruhusiwa, kwenye droo, ina hatari ya ziada: hakuna kichanja cha juu cha kuitenga na joto linalotoka chini, na maji huirusha mpaka ikatua juu ya mkono.

Nitakuwa mbali na nyumba kwa wiki kadhaa. Niiache vipi?

Endesha programu moja ya moto droo zikiwa tupu, osha chujio, futa mpira, funga koki ya maji, na uache kila droo imefunguka upana wa vidole viwili ili hewa ipite. Ukirudi, fungua koki, mwaga kikombe cha maji ndani ya kila droo, na uendeshe programu ya kusuuza kabla ya kuweka vyombo. Ikinguruma kwa ukavu dakika ya kwanza, ipe nafasi. Mpira uliokaa bila maji hukakamaa kidogo, na kwa kawaida hulainika maji yanapoufikia.